Mkeka Nitautandika Mwenyewe

Kabula mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa Mama Salma dukani na kwa mwalimu wako wa kwaya, nami nimepata nafasi ya kuandika bila kuulizwa naandika nini. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome asubuhi ukinywa chai. Mimi sitakuwepo nyumbani muda huo. Usishtuke, mwishoni nitakwambia nimekwenda wapi.

Habari za mashuka, sabuni, na nani wa kumpigia ukifika Dodoma tulishazimaliza. Wewe ni mpangaji kuliko mimi. Nataka kuandika juu ya maneno uliyoniambia wiki iliyopita tukiosha vyombo, kwa sababu sikukujibu vizuri. Ulisema unaweza kuahirisha chuo mwaka mmoja, na kwamba hakuna kitakachoharibika. Nikakuuliza kwa nini. Uliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi zamani, kisha ukasema, "Mama, mimi nikiondoka, nani atakuamsha?"

Nilicheka nikakurushia povu. Lakini nimekuwa mwandishi wa habari muda mrefu wa kutosha kujua swali halisi likiulizwa. Hukuwa unauliza habari ya usingizi. Ulikuwa unauliza kama mgongo wangu utarudi kule ulikotoka.

Basi nianze na siku ile ya Sapiwi, maana wewe uliisikia kutoka kwa watu tu. Nilikwenda kituo cha kununulia pamba kupata sauti za wakulima. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikipiki tangu asubuhi, kijiji hadi kijiji. Nikashuka, nikawasalimia, nikaanza kurekodi. Simu ikanidondoka. Niliinama kuiokota na sikuinuka tena. Nilibaki pale nimejikunja kama ninatafuta sindano, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mizani akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa upole, "Mayu, umepoteza nini tukusaidie?" Nilimwambia nimepoteza mgongo. Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Walipoona machozi ndipo wakanibeba. Walinipakia kwenye gari juu ya mizigo ya pamba, na nakiri kwamba sijawahi kulalia godoro zuri kama lile.

Daktari alisema hakuna kilichovunjika. Misuli ya tumbo na mgongo ilikuwa imelala, na mtu wa kuiamsha ni mimi. Alinipa dawa za siku chache na akanitaka nianze mazoezi. Ofisini, bosi wangu, kijana mwenye heshima zake, aliniita na kuniambia, "Dada, umezunguka vya kutosha. Kaa studio usome taarifa, vijijini waende hawa wadogo." Aliniambia kwa nia njema. Nilitoka pale nimekasirika kuliko kama ningetukanwa. Mimi kazi yangu ni kwenda kuona. Mtu akiniambia mvua ya mawe imenyesha Shishiyu, nataka kushika yale majani ya pamba yaliyotoboka. Kusoma karatasi iliyoandikwa na mwingine ni kazi nzuri, ila si yangu. Tukakubaliana anipe muda, na kama mgongo haukupona, nihamie studio.

Ndipo ukaniletea ile programu yako ya mazoezi.

Nakumbuka ulivyoniita uani ukiwa umeshatandika mkeka, dumu la maji liko pembeni, na simu umeiegemeza kwenye ndoo. Kuchuchumaa na kuinuka. Kujishikilia kama ubao juu ya viwiko. Kuinua nyonga ukiwa umelala chali. Kuinua dumu kwa mgongo ulionyooka. Niliitazama nikasema moyoni, huu ni mchezo wa watoto. Kisha nikajaribu ule ubao, na kabla hujamaliza kunieleza niweke wapi viwiko nilikuwa nimeanguka kifudifudi, na kuku wa jirani akaja kunichungulia. Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Kesho utakaa zaidi kidogo." Siku ile nilijua utakuwa mwalimu.

Hata hivyo niliacha. Hili unalijua, ila sababu huijui. Nilikuwa nafanya mazoezi kama ninavyosubiri kiongozi atoke kwenye kikao: nikipata nafasi. Nilisema jioni, nikitulia. Mwandishi hatulii jioni. Jioni ndipo simu zinapoita, ndipo mtu anapokumbuka kwamba daraja limesombwa. Kila jioni nilisema kesho, na kesho nayo ilikuwa na jioni yake. Programu haikunishinda kwa ugumu. Ilinishinda kwa sababu sikuipa mahali pa kukaa.

Halafu ikaja safari ya Meatu. Nilichukua mkeka ule mdogo, ukaufunga kwa mpira mweusi wa baiskeli, ukaniambia hata nyumba ya wageni ina sakafu. Nilipiga simu kila jioni nikikwambia nimefanya. Nilikueleza hadi jasho. Niliporudi uliupokea mkeka mlangoni, ukaugeuza mara moja, na ukasema, "Mama, fundo ni langu." Nilikuwa sijaufungua hata siku moja. Nimewafokea waandishi wachanga wengi kwa kuripoti mkutano ambao hawakuhudhuria, na hapo mlangoni mwangu nilikuwa nimeripoti mazoezi ambayo hayakufanyika, yakiwa na maelezo ya jasho. Hukunisema zaidi ya hapo. Ulikwenda kuutundika ukutani, na siku zilizofuata nilikuwa siwezi kupita karibu na ule ukuta bila kuuangalia.

Kilichonirudisha ni maji ya chai. Uliniambia niache kutafuta muda, nitafute kitu ninachokifanya kila siku hata nikiumwa, kisha mazoezi yakae mgongoni mwake. Nami kila siku, hata nikiumwa, huwa nabandika maji ya chai. Basi nikawa nawasha mkaa, nabandika sufuria, natandika mkeka. Maji yakichemka nimemaliza. Mkaa ukiwa mbichi mazoezi yanakuwa marefu, ukikolea haraka napata nafuu. Sikuwa tena na la kuamua asubuhi. Nimejifunza jambo hilo nikiwa na umri huu, na limenisaidia kwenye mengine zaidi ya mgongo. Nikikumbuka ilivyokuwa, hata sasa napata hamu ya kusimama na kuwasha jiko.

Sasa tuje kwenye zile raba.

Uliziona wewe kwanza kwenye mitumba, chini kabisa ya lundo, na muuzaji akatuambia kwa uhakika wote kwamba hivyo ni viatu vya kuogelea. Ukazichukua, ukaziviringisha kama chapati, ukamwonyesha soli. Nyembamba, haina kisigino kilichoinuka, na mbele ni pana, vidole vinakaa vimetanuka. Ulinieleza kwamba watu wengine wanakimbia na viatu vya namna hiyo ili mguu ufanye kazi yake wenyewe. Muuzaji akasema kama ni kwa ajili ya kuhisi mawe, mawe ni bure. Tulicheka njia nzima.

Mimi nilizipenda kwa sababu nyingine ambayo sikukwambia. Zilinikumbusha katambuga. Baba yangu, babu yako, alitutengenezea kwa tairi la gari, nami nimechunga ng'ombe kule Bukundi miaka yote ya utoto, nusu peku, nusu katambuga. Tulikuwa tukikimbia nyuma ya ndama kwenye miiba na udongo mkavu uliopasuka, na hatukujua kwamba kukimbia ni mazoezi. Kwa hiyo nilipovaa zile raba nilijiambia mimi sihitaji mafunzo. Wazungu na watu wa mjini ndio wajifunze. Mimi narudi nyumbani.

Ulinionya nianze kwa kutembea nazo tu, uani na hadi dukani. Nikakuitikia. Ulipokwenda Maswa kwa shangazi yako, asubuhi iliyofuata nilizivaa nikatoka kwenda barabara ya lami. Mama Salma alikuwa anafungua duka. Aliniangalia miguu, akaangalia uso, akarudi miguuni.

"Mama Kabula, fundi atarudi kumalizia soli au ndiyo basi?"

Nikamwambia anisubiri nirudi nimweleze. Kabula, nilikimbia. Siandiki haya kwa kujisifu, ila ni kweli kwamba asubuhi ile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo miaka mingi. Nilisikia barabara. Nilisikia pale lami ilipozibwa kiraka, pale mchanga ulipomwagika, pale palipo baridi kwa sababu ya kivuli. Nilipita wanafunzi wakanishangilia. Nikajiona ni yule binti wa Bukundi. Nilikwenda mbali mno na nikarudi kwa mbio, na nilipopita dukani nilimpungia Mama Salma mkono bila kusimama.

Kesho yake sikuweza kushuka kitandani. Vigimbi vilikuwa vimekaza kama kamba ya ndoo kisimani. Nilikwenda chooni nikishika ukuta, kwa vidole, kama mtu anayenyemelea. Na siku ile ile nilikuwa na safari ya kazi Bukundi, kijijini kwetu kabisa. Niliposhuka kwenye pikipiki na kuanza kutembea kwa ncha za miguu, kina mama waliokuwa wanapalilia walisimama na majembe yao. Mmoja wao nimechunga naye tangu utoto. Aliitikia salamu yangu ya mwangaluka, akanitazama mpaka nilipomfikia, akauliza kwa Kisukuma kama mjini siku hizi wanatembea hivyo. Nikamweleza ukweli. Alicheka akakaa chini. Kisha akaunyoosha mguu wake juu ya udongo, vidole vimetawanyika, kisigino kimepasuka kama shamba la kiangazi, akaniambia, "Wako ulikuwa hivi. Uliufungia ndani ya viatu virefu miaka ishirini, leo unaudai?"

Ndicho nilichokuwa nimekosea. Nilidhani miguu ina kumbukumbu kama kichwa. Kichwa changu kinakumbuka kila njia ya Bukundi. Miguu yangu ilikuwa imesahau. Ilikumbuka ofisi, sakafu ya vigae, na visigino vya kwenda navyo kwenye vikao.

Cha kuudhi ni kwamba jambo hili nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote. Nimeongoza maksai wa babu yako. Mvua za kwanza zikinyesha, wale ng'ombe walikuwa wametoka kwenye kiangazi kirefu bila kuvuta jembe. Babu yako hakuwahi kuwafunga nira wakalima shamba zima siku ya kwanza. Walilima mistari michache, tena pale penye udongo laini, wakafunguliwa mapema, hata kama majirani walikuwa wanalima mpaka jua kali na kutupita. Mimi niliona aibu kupitwa. Siku moja nilimwambia waongezwe kidogo, mbona bado wana nguvu. Alinijibu kwamba nguvu wanazo, ila shingo hazijawa ngumu. Ng'ombe mwenye shingo iliyochubuka mwanzo wa msimu ni hasara ya msimu mzima. Majirani wale wiki ya pili walikuwa wanapaka dawa shingo za ng'ombe wao, na sisi tukaendelea kulima.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu nikiwa na kamba mkononi. Kisha nikakua, nikasoma, nikavaa raba nyembamba, nikajifunga nira ya siku nzima siku ya kwanza.

Nimeyaandika haya marefu kwa sababu nakujua. Wewe una pupa yangu. Unakwenda kusomea kufundisha michezo, na utakuta vijana walioanza mapema kuliko wewe, wengine wamekimbia kwenye mashindano makubwa, wana lugha ya makocha mdomoni. Wiki ya kwanza utataka kulima shamba zima ili waone kwamba Bariadi nako kuna watu. Nguvu unazo, Kabula. Shingo ndiyo bado. Waache wakupite mwanzoni. Sikwambii uwe mnyonge. Nakwambia nilichokiona kwenye ng'ombe na nilichokipata kwenye vigimbi vyangu.

Uliporudi kutoka Maswa ulinikuta nimeweka miguu kwenye beseni. Ulitazama raba, ukatazama beseni, ukasema, "Ulifika mpaka wapi?" Nilipokwambia ulishika kichwa. Halafu ukakaa chini ukanikanda vigimbi kwa mafuta, ukaniuliza jambo moja ambalo sijalisahau: kama ilikuwa nzuri. Nikakwambia ilikuwa nzuri sana. Ukasema, "Basi tutaipata tena, polepole." Mwalimu mwingine angeanza na kosa. Wewe ulianza na furaha. Hukufundishwa hilo chuoni, hujakwenda bado. Usikubali wakuondolee hilo huko.

Tukaanza upya. Kutembea uani. Kutembea mpaka dukani, Mama Salma akihesabu matundu kwenye soli. Kukimbia kidogo kwenye njia ya vumbi, kutembea, kukimbia tena, na siku za kupumzika ambazo nilizichukia mpaka nikazizoea. Kuinuka kwa ncha za vidole kwenye ngazi ya jikoni, kisha kushuka polepole. Na mkeka kila asubuhi na maji ya chai. Sikuona badiliko siku yoyote ile. Nililiona kwa mkupuo mmoja, nikiwa Shishiyu, simu iliponidondoka tena kwenye majani. Niliinama nikaiokota, nikaendelea kuuliza swali langu. Nilikuwa nimeshapanda pikipiki ndipo nilipogundua nilichokifanya. Nilimwambia dereva asimame. Akauliza nimesahau nini. Nikamwambia hapana, twende tu.

Bosi wangu hajataja studio tena. Mwezi huu amenipangia Meatu nzima.

Na Mama Salma, ambaye leo unamuaga, hajakwambia, lakini juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama zile za kuogelea zinapatikana kwa mguu wake. Nimemwambia kwanza anunue mkeka.

Sasa nirudi kwenye swali lako la sufuria. Nani ataniamsha? Ningeweza kukuapia, lakini kwa habari ya mkeka mimi ni shahidi aliyewahi kukamatwa akidanganya, na sikulaumu ukitaka ushahidi. Baba yako yuko njiani na lori mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo hata wa kunithibitishia hayupo. Ndiyo maana nimepanga asubuhi yako ya kuondoka kama nilivyoipanga. Naandika jioni hii mambo ya kesho kana kwamba yameshatokea, jambo nililowakataza vijana wote waliopita mikononi mwangu, kwa hiyo usiniamini. Nenda kaangalie.

Ukimaliza chai hiyo, ambayo maji yake nimebandika mimi, pita uani. Mkeka utaukuta umetandikwa, fundo limefunguliwa, na halitakuwa lako. Dumu litakuwa pembeni. Gusa mkeka pale viwiko vinapokaa, utakuta unyevu wa jasho. Nimefanya yote na sikukuamsha, na wewe hukuniamsha.

Kisha angalia mlangoni. Zile raba hazipo.

Kijana wa pikipiki, Masanja, atakuja kukuchukua na begi lako kama tulivyokubaliana. Mimi nimetangulia stendi kwa miguu, kwa njia ile ya vumbi, kisha kipande cha lami. Si mbali, tumeshakikimbia mara nyingi pamoja, na miguu sasa inakijua. Tofauti ni kwamba leo hakuna aliyekuja kunivuta shuka. Nimefurahi, Kabula. Nimefurahi kama siku ile ya kwanza, ila safari hii nitaweza kushuka kitandani kesho. Unakwenda kujifunza kazi ambayo ulishaianza kwenye mwili wangu, na ninataka kuona utawafanya nini watu wengine.

Pengine mtanikuta njiani, maana Masanja hajui mwendo mwingine zaidi ya huo wake. Mkinikuta, usimwambie apunguze, wala usishuke ukimbie nami. Nipiteni tu. Nitakukuta stendi.

Mama yako